Jeki inayokuja na lori: Uwezo na mipaka yake katika barabara za Iringa na Mbeya

KILA lori jipya linapotoka kiwandani huwa na mfuko wa zana: jeki, mpini wake, spana ya magurudumu na, kwa baadhi ya watengenezaji, kabari za kuzuia magurudumu yasibingirike. Kwa mfanyabiashara wa mjini anayenunua gari hilo, zana hizo ni jambo dogo ambalo halistahili hata kuulizwa. Kwa dereva na utingo waliopasukiwa na tairi katikati ya Mlima Kitonga usiku, gari likiwa na shehena ya tani 28, zana hizo ndizo zinazoamua kama safari itaendelea au kuna mtu atakayeumia.

Ndiyo maana suala la kuaminika kwa jeki ya kiwandani si la mafundi peke yao. Linamgusa mwenye gari, linamgusa abiria wa basi linalopita kando ya lori lililokwama, na linamgusa kila anayesubiri mzigo wake Kariakoo, Mwanjelwa au ng'ambo ya mpaka wa Tunduma.

Kwa ufupi, jeki ya kiwandani huaminika kwa kazi iliyotengenezewa, lakini kazi hiyo ni finyu kuliko inavyodhaniwa na wengi. Jeki hiyo imekokotolewa kwa gari lile, kwa ekseli zile, kwa matairi yale na kwa ardhi ngumu iliyo tambarare. Malori mengi yanayopita Nyanda za Juu Kusini yamekwishaacha baadhi ya masharti hayo, na mengine yameyaacha yote.

Barabara ya malori

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, maarufu kwa jina la TANZAM, ina urefu wa zaidi ya kilomita 900. Historia yake ni historia ya malori. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru kutoka Uingereza, na Zambia, ambayo ilitegemea njia za kusini, ikajikuta imebanwa. Mafuta na shaba vikaanza kusafirishwa kwa malori kupitia Mbeya na Iringa, wakati sehemu kubwa ya njia hiyo ikiwa bado ni ya udongo. Madereva wa wakati huo waliibandika jina la Njia ya Jehanamu.

Baadaye lilikuja bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Hata hivyo, malori hayakuondoka. Njia hiyo imeendelea kubeba mizigo ya Zambia, Malawi na Kongo, pamoja na mchele wa Mbarali, mbao za Mufindi, na viazi na mahindi ya wakulima wa nyanda hizo.

Tangu mwaka 2012 Makambako imekuwa katika Mkoa wa Njombe, na tangu mwaka 2016 Tunduma iko katika Mkoa wa Songwe. Lakini kwa madereva wa zamani, safari yote hiyo bado ni Iringa na Mbeya.

Ni barabara ya kupanda na kushuka. Kutoka joto la Ruaha Mbuyuni, gari hukwea kona za Kitonga katika Wilaya ya Kilolo kuelekea Ilula na Iringa, mji ulio kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kisha hupita Mafinga yenye ukungu na baridi kali ya Juni na Julai, likashuka Igawa, likapanda tena Mlima Nyoka kuelekea Uyole, na baada ya Jiji la Mbeya likakutana na mteremko wa Iwambi kabla ya Mbalizi. Anayekata kushoto Uyole kwenda Tukuyu na Kasumulu hukuta milima mingine, na mvua nyingi zaidi.

Katika njia kama hiyo, tairi huchagua lenyewe mahali pa kupasukia. Mara nyingi si mahali tambarare.

Jinsi jeki ya chupa inavyoinua tani

Malori mengi huja na jeki ya haidroliki iliyosimama wima, inayojulikana kama jeki ya chupa kutokana na umbo lake. Kanuni yake ilielezwa katika karne ya 17 na Mfaransa Blaise Pascal: shinikizo linalowekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa kila upande. Mwaka 1795, Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kushindilia iliyotumia kanuni hiyo hiyo.

Ndani ya jeki mna pistoni mbili. Ndogo husukumwa kwa mpini, na kubwa ndiyo inayoinua gari. Tuseme pistoni ndogo ina kipenyo cha milimita 12 na kubwa ina milimita 50. Eneo la kubwa ni mara 17 hivi ya ile ndogo. Ikiwa mpini nao huzidisha nguvu mara 15, mtu anayesukuma kwa nguvu ya kilo 40 hupata, kabla ya kuondoa msuguano, nguvu ya kuinua zaidi ya tani 10.

Nguvu hiyo haiji bure. Kinachopatikana katika uzito hulipwa katika mwendo. Kila mpini unaposhuka sentimeta 60, gari hupanda milimita 2 hivi tu. Ndiyo sababu utingo hupampu mara nyingi mno kabla tairi halijaachana na lami.

Jambo la kuzingatia ni kwamba uzito wote huo umekaa juu ya oili iliyozuiwa na sili chache za mpira na valvu mbili au tatu ndogo. Sili ikichanika, au punje ya mchanga ikikaa kwenye valvu, hakuna kitu kingine kinacholishikilia gari. Kanuni ya kwanza ya mafundi hutokana na hapo: jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia.

Tani zilizoandikwa ubavuni

Ubavuni mwa jeki huandikwa uwezo wake: tani 5, 10, 20 au zaidi. Wengi hulinganisha namba hiyo na uzito wa gari zima, wakaona haitoshi. Wengine huipuuza kabisa. Hesabu sahihi iko katikati.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima lenye shehena. Ekseli ya usukani hairuhusiwi kuzidi tani 8, ekseli moja yenye matairi manne tani 10, ekseli mbili zinazofuatana tani 18, na tatu zinazofuatana tani 24. Hiyo ndiyo mizigo inayokaguliwa katika mizani kama ile ya Wenda mkoani Iringa na Mpemba mkoani Songwe.

Kwa hiyo, ekseli yenye tani 9 hutua tani 4 na nusu hivi kila upande. Jeki ya tani 10 inaonekana kuwa na ziada ya kutosha, na kwa gari lililobeba kihalali katika uwanja tambarare ni kweli inayo. Lakini ziada hiyo huliwa na mambo matatu.

La kwanza ni springi. Ekseli zinazofuatana mara nyingi zimeunganishwa, hivyo upande mmoja unapoinuliwa huchukua sehemu ya mzigo wa jirani yake. La pili ni mwinamo wa barabara, ambao huhamishia uzito upande wa chini. La tatu ni shehena iliyozidi au iliyopangwa vibaya. Gari la mbao lililojazwa upande mmoja haliwezi kugawanywa kwa mbili kama hesabu ya darasani.

Kwa sababu hiyo, mafundi waangalifu hutafuta jeki yenye uwezo wa angalau mara mbili ya uzito unaotarajiwa katika upande unaoinuliwa. Aidha, namba iliyoandikwa ubavuni ni ahadi ya mtengenezaji kwa jeki ikiwa nzima na imesimama wima. Si ahadi kwa jeki iliyolala miaka minane chini ya kiti.

Kimo: kasoro isiyoonekana dukani

Kasoro inayowakwamisha wengi barabarani si udhaifu wa jeki, bali ni kimo chake. Kila jeki ina kimo cha chini kabisa, pistoni ikiwa imezama, na kimo cha juu kabisa inapomalizika. Kiwanda huchagua vimo hivyo kulingana na ekseli na matairi ya gari lile.

Tairi likipoteza upepo, ekseli hushuka. Kwenye matairi pacha, likipasuka moja, la pili bado hubeba na nafasi ya kuingiza jeki huwepo. Yakipasuka yote mawili, au likipasuka tairi la mbele, ekseli hushuka kiasi kwamba hata jeki halali ya gari hilo inaweza isiingie. Hapo ndipo watu huanza kuchimba shimo pembeni mwa lami kwa panga, kisha kuikita jeki ndani ya udongo huo huo walioulegeza.

Njia iliyo salama zaidi ni kulipandisha taratibu tairi zima, au hata lile lililopasuka, juu ya ubao mnene wenye ncha iliyochongwa mfano wa kabari, ili ekseli iinuke sentimeta chache na jeki ipate nafasi. Lakini ubao huo usigeuzwe kuwa mbadala wa jeki. Katika malori mengi ya kisasa, nati zile zile hushikilia magurudumu yote mawili ya upande mmoja. Anayezifungua huku uzito ukiwa juu ya gurudumu la ndani huliacha gari limekaa juu ya gurudumu lisilofungwa.

Tatizo la kinyume hutokea jeki inapokuwa fupi mno. Dereva huinua hadi mwisho, tairi bado linagusa lami, naye hutafuta jiwe la kuweka chini au kipande cha chuma cha kuweka juu. Jiwe hupasuka bila kutoa taarifa, na chuma juu ya chuma huteleza. Baadhi ya jeki zina skrubu ya kurefusha kichwani. Hiyo ni halali, ila kadiri inavyotolewa ndivyo jeki inavyokuwa nyepesi kuegemea upande.

Trela nayo ni hadithi ya peke yake. Jeki iliyokuja na kichwa cha gari haikupimwa kwa ekseli za trela, ambazo huenda zilitengenezwa na kiwanda kingine katika nchi nyingine. Mwenye gari ambaye hajawahi kuijaribu jeki yake chini ya trela hajui kama ana jeki ya trela.

Udongo unaodidimia

Kiatu cha jeki ya chupa ni kidogo. Kikiwa na upana wa sentimeta 15 kwa 15, eneo lake ni sentimeta za mraba 225. Kikibebeshwa tani 5, kila sentimeta ya mraba hukandamizwa kwa kilo 22. Lami nzuri huhimili. Udongo uliolowa wa pembeni mwa barabara, wakati wa mvua zinazoanza takribani Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, haufiki popote karibu na hapo.

Jeki iwekwapo juu ya ubao mgumu wa sentimeta 40 kwa 40, mkandamizo huo hushuka hadi kilo 3 hivi kwa sentimeta ya mraba. Ubao mmoja hupunguza hatari mara saba. Hata hivyo, unene wa ubao hula nafasi ya jeki kuingia, na hilo linarudisha suala la kimo. Anayenunua jeki lazima apime akiwa na ubao wake.

Kwa malori yanayoingia katika barabara za udongo za msitu wa Sao Hill au za mashamba ya chai ya Mufindi, ubao si pambo. Ni sehemu ya jeki. Cha kushangaza ni kwamba hata gari lililopakia mbao tupu linaweza kukosa kipande kimoja kilichotengwa kwa kazi hiyo.

Breki inayoondoka na gurudumu

Mteremko huleta hatari nyingine isiyohusiana na ubora wa jeki. Gari la tani 50 lililosimama kwenye mteremko wa asilimia 8 husukumwa kuelekea chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 4. Kinacholizuia ni breki ya kuegesha na kabari peke yake.

Breki hiyo hufanya kazi kwa magurudumu yanayogusa ardhi. Gurudumu lenye breki linapoinuliwa, mchango wake hupotea. Katika malori makubwa yenye breki za upepo, magurudumu mengine hubaki yamefungwa. Lakini katika baadhi ya malori mepesi na ya kati yaliyotengenezwa Japani, breki ya mkono haishiki magurudumu bali hushika propela shafti. Upande mmoja wa nyuma ukiinuliwa, difu huliruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka upande huu huku lililo chini likibingirika upande ule. Breki imevutwa hadi mwisho, na gari linaondoka.

Jeki haina uwezo wa kuzuia mwendo huo. Imetengenezwa kubeba kwa kwenda juu tu. Gari likisogea sentimeta chache, jeki huinama, na ikiinama imeanguka. Jeki ikilaumiwa baada ya tukio la namna hiyo, huwa inalaumiwa kwa kosa la kabari ambayo haikuwapo.

Kabari ziwekwe upande wa mteremko, kwenye magurudumu ambayo hayainuliwi, na zikandamizwe kabla jeki haijaguswa. Iwapo gari bado linaweza kujikokota, hata kwa gharama ya kuliharibu kabisa tairi lililokwisha kupasuka, ni bora litafute sehemu tambarare kuliko kuinuliwa katikati ya kona. Tairi hununuliwa.

Jeki iliyopo ndiyo iliyokuja?

Malori mengi yanayotumika nchini huingia yakiwa yamekwishafanya kazi Ulaya au Japani kwa miaka kadhaa. Kutoka kwa mmiliki wa kwanza hadi wa tatu, zana huazimwa, huuzwa na huibwa. Anayesema anatumia jeki ya kiwandani mara nyingi ana jeki fulani iliyokutwa kwenye gari.

Wakati huo huo, gari lenyewe limebadilika. Springi zimeongezwa majani ili libebe zaidi, saizi ya matairi imebadilishwa, bodi jipya limeundwa. Kila badiliko linahamisha uzito au kimo. Kwa hiyo, hata kama jeki ingekuwa ile ile ya siku ya kwanza, gari si lile lile.

Mnunuzi anaweza kujilinda kwa hatua rahisi. Kitabu cha gari, kama kipo, hutaja uwezo wa jeki na sehemu zinazoruhusiwa kuinuliwa. Kama hakipo, ekseli ipimwe kimo ikiwa na tairi lisilo na upepo, gari likiwa limebeba. Kipimo hicho, pamoja na unene wa ubao, ndicho cha kwenda nacho dukani. Bei ifuate baadaye.

Matunzo na majaribio

Jeki huharibika zaidi kwa kulala kuliko kwa kufanya kazi. Maji huingia kwenye oili, kutu hula pistoni, na pistoni yenye kutu huchana sili siku inapotumika. Jeki ihifadhiwe ikiwa imesimama wima, pistoni ikiwa imezamishwa, mahali pasipofikiwa na maji wala vumbi. Ikilazwa, oili huvuja na hewa huingia. Jeki yenye hewa hupampiwa bila kupanda, au hupanda kwa kushtuka.

Oili inayofaa ni oili ya jeki au ya haidroliki. Kosa linalojirudia ni kuongeza mafuta ya breki kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu. Mafuta hayo huvimbisha na kuozesha mpira wa sili ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Jeki hufanya kazi siku hiyo, na hushindwa safari inayofuata.

Jaribio la maana halihitaji mashine. Gari likiwa limebeba, katika uwanja tambarare, na kabari zikiwa zimewekwa, upande mmoja wa ekseli huinuliwa hadi tairi liachane kidogo na ardhi. Alama huwekwa kwa chokaa kwenye pistoni, na jeki huachwa kwa dakika kumi bila mtu kukaribia. Ikishuka kwa kuonekana, au ikitoa oili pembeni, haifai kwenda safari hadi ibadilishwe sili. Jaribio hilo lifanyike pia kwa ekseli ya mbele na kwa trela. Uwanja wa gereji ni mahali pa bei nafuu pa kugundua kuwa jeki haifai.

Barabarani

Utaratibu wa kubadilisha tairi unajulikana na wengi. Kinachotofautiana ni mpangilio, na mpangilio ndio unaookoa.

Kwanza ni onyo kwa wengine. Pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbali, na kwenye kona ziwekwe kabla ya kona, si ndani yake. Desturi ya kutandaza matawi ya miti husaidia mchana, lakini usiku wa ukungu haionekani. Aidha, matawi na mawe yaliyotumika kama kabari yaondolewe kabla ya kuondoka. Jiwe linaloachwa katikati ya njia huwa ajali ya gari la nyuma.

Pili, kabari ziwekwe. Tatu, kama rimu ni ya aina yenye ringi, upepo uliobaki katika tairi utolewe wote kabla ya kugusa nati. Kwa matairi pacha, hilo lifanyike kwa yote mawili wakati uzito umeshabebwa na jeki na stendi, kwa sababu tairi lililobeba mzigo wa mwenzake huenda limejeruhiwa ndani na linaweza kupasuka. Anayetoa upepo asisimame uso kwa uso na rimu.

Nne, nati zilegezwe kidogo gurudumu likiwa bado chini. Malori mengi ya Ulaya yenye stadi za milimita 22 hufungwa kwa nguvu ya nyutoni-mita 600 hivi, sawa na mtu wa kilo 60 anayening'inia kwenye mpini wa mita moja. Nguvu hiyo ikitumika wakati gari liko juu ya jeki, hulitikisa. Katika malori ya zamani ya Kijapani, nati za upande wa kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume na zile za kulia. Asiyejua huongeza kukaza hadi akakata stadi.

Tano, jeki ikae wima, juu ya ubao, chini ya ekseli mahali palipokusudiwa. Baada ya kuinua, stendi ya chuma au magogo ya mbao ngumu yaliyopangwa kwa kukingamana yawekwe chini ya ekseli, kisha jeki ishushwe kidogo ili uzito uhamie hapo. Gurudumu kamili la lori huweza kufikia kilo 100, na likimshinda mtu humtupa. Asiwepo mtu chini ya gari, hata mkono wake, kabla stendi haijakaa.

Mwisho, nati zikazwe kwa kupokezana pande zinazotazamana, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa anayebadilisha tairi Ilula, ukaguzi huo ufanyike akipita Iringa mjini.

Nani anawajibika?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuhakikisha vifaa anavyowapa wafanyakazi wake ni salama. Kwa dereva na utingo, mahali pa kazi ni barabara, na jeki ni kifaa cha kazi. Aidha, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008, upo kwa ajili ya wanaoumia kazini.

Hata hivyo, utingo anayechukuliwa kwa posho ya safari bila mkataba wa maandishi hupata shida kuthibitisha kuwa alikuwa mfanyakazi. Yeye ndiye anayelala chini ya ekseli, na ndiye asiye na karatasi. Mwenye gari akiandikisha watu wake na akiwapa stendi mbili, kabari nne, ubao na jeki iliyojaribiwa, gharama yake yote ni ndogo ikilinganishwa na bei ya tairi kadhaa za lori.

Kubwa zaidi ni muda. Dereva anayepigiwa simu kila nusu saa aulizwe amefika wapi hatatafuta sehemu tambarare, wala hatapanga magogo. Ataegemea jeki peke yake, na mara nyingi itamvumilia. Uvumilivu huo ndio unaowadanganya wengi kuwa jeki inatosha.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Katika jambo hili, tahadhari hainunuliwi Kitonga wala Mlima Nyoka. Hununuliwa mjini, kabla gari halijawashwa, na mtu ambaye huenda hatashika mpini wa jeki hiyo hata siku moja.